Augury imestaafu, Angular DevTools imekalia kiti

Kwa waliozoea Augury, kiendelezi cha kivinjari cha kukagua programu za Angular (mfumo wa kujengea programu za wavuti), habari ndiyo hiyo: haifufuki. Ilitegemea ng.probe, fanksheni ya Angular yenyewe, kuchungulia ndani ya programu, na Angular 9 ilipotoka mwaka 2020 ikiwa na Ivy kama injini yake ya kawaida ya kutafsiri na kuonyesha violezo, mlango huo ukafungwa. Mei 2021 timu ya Angular ikaleta kiendelezi chake yenyewe, Angular DevTools, ambacho sasa nakifungua karibu kila siku ya kazi.

Kichupo cha Components hakina maajabu. Mti wa komponenti (vipande vinavyounda ukurasa) upande mmoja, thamani zake upande wa pili, unabadilisha thamani na ukurasa unaitikia papo hapo. Ninachokipenda zaidi ni $ng0: chagua komponenti kwenye mti, nenda kwenye konsoli ya kivinjari, andika hicho tu, na komponenti nzima iko mkononi mwako. Imenipunguzia kutapakaza console.log, amri ya kuchapa thamani kwenye konsoli, ndani ya msimbo.

Ila kilichonifanya niandike ni Profiler, kichupo cha pili, kinachopima muda unaotumika. Nilikuwa na jedwali refu lenye kisanduku cha kutafutia juu yake. Kila herufi ukiandika, ukurasa unakwama kidogo. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaandika neno, nikasimamisha. Ikajitokeza safu ya nguzo, kila moja ni mzunguko mmoja wa Angular kukagua mabadiliko. Nguzo kadhaa zilikuwa zimepaa mbali kupita milisekunde 16, na ukipita hapo fremu 60 kwa sekunde usizitarajie tena. Nikabofya iliyo ndefu kuliko zote, na chini yake mhusika akaonekana: komponenti ya safu mlalo ya jedwali. Kiolezo chake (HTML yake) kilikuwa kinaita fanksheni ya kupanga tarehe, na fanksheni hiyo ilirudiwa kwa kila safu katika kila ukaguzi. Nikaihamishia kwenye paipu, ambayo haihesabu upya thamani isipobadilika, nikaiwekea komponenti OnPush ili ikaguliwe tu inapohitajika, nikarekodi upya. Nguzo zikalala.

Rekodi yenyewe unaweza kuihifadhi kama faili la JSON ukamtumia mwenzako aifungue kwake. Hilo humaliza ubishi wa "mbona kwangu inakimbia".

Malalamiko ninayo. Programu iliyojengwa kwa ajili ya uzalishaji, yaani ile wanayotumia watu halisi, haikaguliwi: kiendelezi kinaitambua, kinakuambia hivyo, basi. Najua sababu, taarifa zile za ndani huondolewa ili faili liwe jepesi, lakini mteja akilalamika kuhusu tovuti iliyo hewani, inabidi uigize tatizo kwenye mashine yako. Halafu DevTools ilizaliwa na vichupo viwili tu, wakati Augury ilikuwa na mti wa ruta (njia za kurasa) na mchoro wa vitegemezi (nani anamtegemea nani). Mti wa injekta, unaoonyesha vitegemezi hivyo hutolewa wapi, ulikuja baadaye sana, 2023, na toleo la 17.

Mwenye mradi ulio chini ya toleo la 12 la Angular hapati chochote hapa. Apandishe toleo kwanza, ndipo arudi kuisakinisha.