Niliomba seva moja, nikaandikiwa vitu 14: uzoefu wangu na OpenTofu na fundi aliyetujengea klasta

Vitu 14 vya kuongeza, 0 vya kubadilisha, 0 vya kufuta. Ndivyo terminali ilivyoniambia Ijumaa moja asubuhi, mwezi uliopita au mwishoni mwa ule wa kabla yake, na hadi leo nikiukumbuka mstari ule roho inanipanda. Nilikuwa nimeomba seva moja. Moja tu!

Sisi ni ofisi ya watu wanne hapa Ntinda, Kampala. Tunaendesha mfumo wa akiba na mikopo kwa sacco kadhaa za Busia na Tororo. Mfumo umo ndani ya kontena, yaani vifurushi vya programu, kontena zinasimamiwa na Kubernetes, programu inayozigawa kwenye seva, na klasta yenyewe, yaani kundi zima la seva hizo, tulijengewa na fundi tuliyemkodi, akatumia OpenTofu, zana ya kujengea seva kwa maandishi. Alituambia ni zana huria, haina ada ya leseni, na hapo hakudanganya: ilizaliwa 2023 baada ya Terraform, zana ilikotoka, kubadilisha leseni yake, na iko chini ya Linux Foundation. Tukamlipa hadi shilingi ya mwisho, akatuachia folda ya faili za usanidi, tukaagana vizuri.

Uzuri wa zana hii ni kwamba huiamrishi hatua kwa hatua. Unaandika unachotaka kiwepo: seva tatu za usimamizi, tatu za kazi, mtandao na vikolombwezo vyake. Yenyewe inalinganisha maandishi yako na kilichopo, kisha inajaza pengo. Kwa hiyo seva moja ya kazi ilipokufa usiku wa kuamkia Ijumaa ile, sikubabaika. Zinatakiwa tatu, zipo mbili, itaongeza moja. Nikapiga tofu plan, amri inayoonyesha itakachofanya kabla haijafanya, nikatoka kununua rolex, chapati yetu ya mayai, hapo nje. Narudi, vitu 14.

Kumbe OpenTofu haiwezi kuangalia tu akaunti yako ikajua kipi ni chake. Ina daftari lake, faili la hali, ambamo imeandika kwamba seva niliyoijenga kwa jina hili ndiyo ile yenye namba ile. Daftari lisipokuwepo, kwake hakuna kilichowahi kujengwa, na inataka kuanza upya tangu msingi. Daftari letu lilikuwa kwenye laptopu ya fundi. Tangu siku ya kwanza lilikuwa huko, na hakutuambia neno.

Kubernetes ilijitahidi. Ilisubiri dakika zake tano, ikaihamisha kazi ya ile seva iliyokufa kwenda kwa mbili zilizobaki, lakini memori haikutosha, kontena kadhaa zikabaki zinangoja nafasi. Mojawapo ndiyo inayoonyesha salio. Saa nne mama mhasibu wa sacco moja ya Busia akanipigia. "Mwanangu, watu wamejaa hapa, wanataka hela za ada, watoto wanarudi shule. Salio silioni. Niwaambie nini?" Nikamjibu, "Mama, nipe saa moja." Saa moja haikutosha hata kidogo.

Nikampigia fundi. Mara ya tatu ndipo akapokea. Nilimsalimia, nikamweleza taratibu, hata "samahani kaka" niliisema. Nyuma yake nasikia watu wanacheka na sahani zinagongana. Akaniambia, "Bosi, mkataba ulikuwa kujenga klasta. Klasta nimejenga. Hilo faili ni kifaa changu cha kazi." Nikamwambia kuna wanachama wako foleni wanasubiri hela zao wenyewe. Akasema, "Hao ni wateja wako, si wangu," akataja milioni moja na nusu, zitangulie kwenye simu yake ndipo alitume. Mtu niliyemlipa! Seva ni zetu, akaunti ni yetu, hela zilizomo ni za watu wa Busia, halafu yeye ananiuzia daftari la nyumba yangu.

Nilipokata simu, maoni yangu yalikuwa tayari kichwani: msiiguse OpenTofu, zana gani inamwachia mtu mmoja ufunguo wa kila kitu.

Aliyenituliza ni dada tunayefanya naye kazi, mtu wa Goma. Akasema tuanze na salio. Tukapunguza nakala za kazi zisizo za lazima, memori ikapatikana, na ilipofika saa nane mchana mama alikuwa anaona akaunti zake. Kisha dada akanionyesha kwamba daftari linaweza kuandikwa upya. Unakwenda kwenye paneli ya mwenye seva, kampuni inayotukodishia, unachukua namba ya kila kitu, unaandika kipande cha import: kitu hiki kwenye faili zangu ndicho kile kule. Tulikesha.

Jumamosi usiku plan ikatoka, nikausoma mstari mmoja mara nne. Seva zote tatu za usimamizi zibomolewe, zijengwe upya. Sababu ni ndogo inayotia uchungu: skripti ya kuwashia seva, maagizo inayoyafuata inapowaka mara ya kwanza, hairudishwi na mwenye seva, kwa hiyo zana ikaona huku pana maandishi na kule patupu, na kwa seva zetu kubadilisha skripti ni kujenga mashine mpya. Ndani ya seva hizo tatu ndimo inamokaa etcd, kumbukumbu yote ya klasta. Ikipoteza moja inaendelea, ikipoteza mbili inasimama, zikienda zote tatu tungebaki na nini? Nilitoa mikono kwenye kibodi kabisa. Tukaongeza mstari wa kuiambia isijali tofauti ya skripti, tukapiga tena. Vitu 13 vya kuingiza, 1 cha kuongeza, 0 vya kubadilisha, 0 vya kufuta. Dada alinikumbatia.

Basi nafuta niliyotaka kuandika. Zana iliniambia ukweli kila mara kabla ya kugusa chochote, hata ukweli ambao sikuupenda. Kwa kazi hiyo nilitaka kuipa nyota tano.

Lakini nilipolifungua daftari jipya nikaona nenosiri la hifadhidata yetu limeandikwa waziwazi, linasomeka kama barua. Usimbaji wa faili hilo, yaani kulifunga lisisomeke bila ufunguo, ulikuja na toleo la 1.7, mwaka 2024, ila haujiwashi, lazima uuwashe mwenyewe. Fundi hakuuwasha. Maana yake siku zote hizo siri za sacco za watu zilikuwa wazi kwenye laptopu anayotembea nayo mjini. Jumapili nzima tulibadilisha manenosiri. Daftari sasa liko kwenye hifadhi ya pamoja, limefungwa, na funguo anazo dada pia.

Nyota nne kwa zana. Au tatu, mpaka siku itakapokataa kuhifadhi siri ya mtu bila kuifunga. Fundi simpi hata moja.