Kifurushi cha vipimo vya figo jijini Dodoma: kazi safi, majibu nusu

Maabara binafsi za katikati ya jiji la Dodoma siku hizi huuza vipimo vya figo kwa kifurushi: kreatinini na urea (taka za mwilini zinazochujwa na figo), chumvichumvi za damu, mkojo na presha, vyote kwa malipo ya pamoja. Nilimpeleka mama mdogo, mwenye umri wa miaka 70 na presha ya siku nyingi, kwenye mojawapo ya maabara hizo, nikiwa na swali moja: je, majibu yake yanamwezesha mgonjwa wa presha kujua kama figo zake zinamsogeza karibu na kiharusi?

Wengi hudhani figo huishia kwenye kuvimba miguu na kusafishwa damu. Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kama ilivyo kwa ubongo, mishipa yake midogo hupitisha damu nyingi bila kuizuia sana, kwa hiyo presha ya juu huifikia na nguvu zake zote. Mishipa ya figo inapoanza kuvujisha albumini, aina ya protini ya damu, kwenye mkojo, mara nyingi ile ya ubongo nayo imekwisha kuguswa. Figo zilizochoka hubakiza chumvi na maji mwilini na kuipandisha presha ileile iliyoziumiza. Tena wagonjwa wa figo hupatwa zaidi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo huweza kurusha bonge la damu hadi ubongoni. Uchambuzi wa tafiti 33 uliochapishwa na jarida la BMJ la Uingereza mwaka 2010 ulikuta kwamba watu ambao kiwango chao cha uchujaji wa figo, yaani kiasi ambacho figo huchuja kwa dakika, kilikuwa chini ya mililita 60 walikuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi ya wengine kwa asilimia 43.

Kwa upande wa huduma, sina neno baya. Bei iliyobandikwa mapokezi ndiyo tuliyolipa, mtaalamu alipata mshipa kwa sindano moja ingawa mikono ya mama mdogo imekonda, na majibu yalitoka siku hiyohiyo. Bima hawapokei.

Presha ndiyo iliyonikera. Maabara iko ghorofani, na mama mdogo alifungwa mkanda wa mashine akiwa bado anahema kwa ngazi, juu ya mkono wa sweta, huku akiulizwa jina na namba ya simu. Mashine ilisoma 168 kwa 94. Niliomba arudiwe baada ya kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono mtupu ukiwa usawa wa moyo. Ikasoma 146 kwa 86. Bado iko juu, lakini daktari atakayeongeza dawa kwa kufuata namba ya kwanza atakuwa anatibu ngazi.

Kasoro kubwa zaidi imo kwenye karatasi ya majibu. Kreatinini ilikuwa 95, na pembeni pameandikwa kiwango cha kawaida cha 53 hadi 97, kisha neno «kawaida». Kwa mwanamke mwembamba wa miaka 70 neno hilo linapotosha, kwa sababu kreatinini hutokana na misuli, na mwenye misuli michache huwa na kreatinini ndogo hata figo zikiwa zimepungua nguvu. Tulipoingiza umri na jinsia kwenye kanuni inayotumika hospitalini, uchujaji ulikuja kama 56. Hesabu hiyo haihitaji kemikali wala damu ya ziada. Kompyuta ya maabara ingeweza kuichapa kwenye karatasi ileile.

Mkojo nao ulipimwa kwa kijiti kinachobadilika rangi, ukaandikwa «protini: alama moja». Kijiti hutosha kwa kuanzia, ila kinachopima hatari vizuri zaidi ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ambao ukifika miligramu 30 za albumini kwa gramu moja ya kreatinini na kuendelea huhesabiwa kuwa si salama. Maabara inacho kipimo hicho, lakini kimewekwa nje ya kifurushi na hakuna anayekutajia mpaka uulize. Kwa maoni yangu wangeiondoa urea, wakakiingiza hicho.

Kwa hiyo ningemshauri mwenye presha au kisukari aende, lakini aombe mapema uchujaji uandikwe na albumini ipimwe, na asianze wala kuacha dawa kwa majibu ya siku moja, kwa kuwa ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi mpaka hali idumu angalau miezi mitatu. Karatasi zote tulizipeleka kwa daktari, ambaye kwanza alimzuia mama mdogo kumeza diklofenaki, dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo, anazonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, kisha akataka kreatinini na albumini zirudiwe baada ya muda huo. Maabara imekubali kutupimia hivyo viwili tu, bila kutulazimisha kununua kifurushi kizima.