Standley Chasm au Ormiston Gorge?

Ukiwa na siku moja kwenye milima ya West MacDonnell, Australia, uchague korongo lipi? Standley Chasm liko karibu, kilomita 50 hivi kutoka mji wa Alice Springs. Ni ardhi ya Waarrernte, wenyeji wa asili wa eneo hilo, nao ndio wanaotoza kiingilio. Wahi kabla ya saa sita: jua likiwa utosini, kuta hugeuka nyekundu kama kaa la moto, kisha kivuli hurudi upesi. Ormiston liko kilomita 135, mafuta zaidi, na mgeni hulipia kibali cha hifadhi. Lakini lina bwawa la kuogelea, maji baridi ya kukata pumzi hata wakati wa joto, na njia ya mzunguko ya saa kadhaa. Lami inafika kote kuwili. Mwenye watoto wadogo, Standley. Mpenda kutembea, aondoke alfajiri kwenda Ormiston.