Antena ya GaAs au fuwele ya ZnTe: njia mbili za kuzalisha mipigo ya terahezi

Leza ya yakuti yenye titani, inayotoa mipigo ya mwanga ya takribani femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde) kwenye nanomita 800, huweza kuzalisha terahezi (mawimbi yenye masafa kati ya mikrowevu na infraredi) kwa njia mbili zinazotofautiana tangu msingi.

Katika antena ya GaAs (galiamu aseniidi, nusupitishi) iliyokuzwa kwa jotoridi la chini, mrithi wa swichi zinazowashwa kwa mwanga za David Auston wa Bell Labs za miaka ya 1970, fotoni (chembe ya mwanga) ya elektronivolti (eV) 1.55 huzidi pengo la nishati, yaani kiasi kinachohitajika kuikomboa elektroni, la eV 1.42, hivyo hufyonzwa na kuachilia elektroni, ambazo husukumwa na volti iliyowekwa kati ya vipande viwili vya metali vilivyoachana, mara nyingi, kwa mikromita chache tu. Mkondo huo wa ghafla ndio unaorusha wimbi. Nanojuli chache zinatosha. Ukiongeza mwanga, hata hivyo, elektroni zenyewe huudhoofisha uga unaozisukuma, na volti ikizidi antena huungua, wala haitengenezeki tena.

ZnTe (zinki teluraidi), yenye pengo la eV 2.26, huuacha mwanga huo upite na haihitaji volti: masafa yaliyomo ndani ya mpigo mmoja huchanganyika, na tofauti baina yake ndiyo terahezi. Fuwele ya milimita 1 hufaa kwa kuwa mpigo na wimbi husafiri ndani yake kwa kasi zinazokaribiana.

Kwa leza isiyo na kikuza, yenye mipigo ya nanojuli tu, ningechagua antena bila kusita. Penye mipigo ya milijuli ningechukua ZnTe, kwani mwale hutandazwa juu ya fuwele pana.