Uchambuzi: Revelator ya Tedeschi Trucks Band

Karibuni watazamaji. Leo tuna Revelator, albamu ya kwanza ya Tedeschi Trucks Band ya Jacksonville, Florida. Ilitoka 2011, ikabeba tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi mwaka uliofuata. Lakini ukiiita bluzi tupu unaipunja. Injili imo, soul imo, roki imo.

Wakati huo bendi ilikuwa na watu 11: wapiga dramu wawili, besi, mpapaso (kinanda), waitikiaji wawili, tarumbeta, tromboni, mdomo wa bata (saksafoni), halafu Susan Tedeschi anayeimba na kupiga gitaa, na mumewe Derek Trucks kwenye gitaa la solo.

Hilo solo ndilo la kununulia albamu. Derek hatumii kipiki, kile kidude cha kupigia nyuzi, anadonoa nyuzi kwa vidole, na kidole cha pete kimevaa kichupa cha kioo kinachoteleza juu ya nyuzi. Kioo hakifungwi na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, kwa hiyo noti inapanda kwa kuvutwa, kama mwimbaji wa injili anavyoivuta aleluya. Sikilizeni Midnight in Harlem: Susan akinyamaza gitaa likaingia, utadhani bado kuna mtu anaimba. Kwenye These Walls yumo Alam Khan na sarodi, ala ya Kihindi isiyo na freti kabisa, na vinaingiana vizuri mno.

Wapiga gitaa, nyuzi zake zimetyuniwa hivi, kuanzia uzi mnene: E, B, E, G shapu, B, E. Yaani unakaza tatu: A ifike B, D ifike E, G ifike G shapu. Kwenye gitaa kavu lenye nyuzi nene msifanye hivyo, shingo inavutika na uzi unaweza kukatika. Lege­zeni mpaka D, A, D, F shapu, A, D, kisha fungeni kepo (kibanio cha nyuzi) freti ya 2. Mlio ni uleule.

Kosa la wengi ni kuweka kioo katikati ya freti mbili, kama wanavyoweka kidole. Noti inatoka chini ya inavyotakiwa. Kiwekeni juu kabisa ya chuma cha freti, bila kukandamiza, na kidole cha shahada kilale nyuma yake kuzima makelele.

Dosari? Nyimbo ni 12 na nyingi zina mwendo wa wastani, ukizisikiliza mfululizo zinaanza kufanana. Na spika ya simu inaimeza besi ya Oteil Burbridge yote, tumieni hedifoni. Anzeni na Bound for Glory, mkae mkao wa kusikiliza pale waitikiaji wanapompokea Susan kwenye kiitikio.