Bango la majina ya milinganyo: linunueni, ila msilitundike kabla ya kulisahihisha

Maduka ya vifaa vya skuli pale Darajani, mjini Unguja, yanauza bango la ukutani lenye milinganyo tisa, na chini ya kila mmoja pameelezwa jina lake lilikotoka. Bei ni shilingi 6,000. Kwa kidato cha pili hadi cha nne ni pesa iliyotumika vizuri.

Kisanduku cha aljebra ndicho bora. Jina limetokana na al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu alichoandika mwanahisabati al-Khwarizmi mjini Baghdad karibu mwaka 820. Maana yake ni kurudisha mahali pake kilichovunjika, kama fundi anavyounga mfupa; mtoto anayesoma Kiarabu chuoni atautambua mzizi huo hapo hapo. Bango linaonesha na kazi yenyewe: x² = 40x − 4x². Kilichopunguzwa kinarudishwa kwa kuongeza 4x² pande zote, tunapata 5x² = 40x, na x ni 8.

Pembeni pamechorwa x² + 10x = 39. Kuna mraba wenye upande x, mistatili miwili ya 5 kwa x, na pengo la kona linalozibwa kwa 25. Mraba mkubwa unakuwa 64, upande wake 8, basi x ni 3. Aliyekariri tu kwamba "ongeza 25 pande zote" ataiona hapa ikijaza kona. Jibu la pili, −13, halimo, kwa sababu al-Khwarizmi hakuzikubali namba hasi kuwa majibu. Mwalimu aliseme hilo, bango halikulisema.

Tatizo liko kwenye mlinganyo wa Pell, ambao majibu yake hutafutwa kwa namba kamili tu. Kwanza, alama imekosewa: wamechapa x² + ny² = 1, ambapo n ikiwa 2 au zaidi, kwa namba kamili hupati kitu ila y = 0. Sahihi ni x² − ny² = 1. Bandikeni kipande cha stika nyeupe juu ya ile jumlisha, kisha mwandike kutoa kwa wino usiofutika. Jaribuni n = 2: x ni 3, y ni 2. Kwa n = 61, x ndogo kabisa, tukiacha jibu la y = 0, ni 1,766,319,049! Pili, John Pell, mwanahisabati Mwingereza, hakuutatua. Mwanahisabati Euler ndiye aliyeupa mlinganyo jina hilo kimakosa, kazi ilikuwa ya William Brouncker, na Brahmagupta wa India alishaushughulikia mwaka 628. Ongezeni jina la Brahmagupta kwa mkono, nafasi ipo.

Kanuni ya L'Hôpital (ya kutafuta kikomo cha sehemu inayoishia 0/0) imeelezwa sawa, pamoja na kwamba mgunduzi ni Johann Bernoulli, aliyekuwa akilipwa na L'Hôpital. Pythagoras nako hakuna kosa.

Karatasi ni nyepesi, na unyevu wa masika utaikunja. Ifunikwe plastiki baada ya kusahihishwa, si kabla. Selotepu haishiki kwenye ukuta wa chokaa na pini hupata kutu, kwa hiyo pigilieni ubao mwembamba juu na chini, lining'inie kwa uzi.