"Mzee, si ukojoe tena tu?" Uzoefu wangu na kipimo cha mkojo cha kansa ya kibofu

Nianze na yule kijana wa kaunta, maana nikianza na kipimo chenyewe nitaonekana nimetulia, na mimi sijatulia.

Nilifika asubuhi na kikopo changu, nimekifunga vizuri, nikamkabidhi mkononi. Akakiweka juu ya kaunta, pembeni ya kikombe chake cha chai. Nikakaa kwenye benchi. Saa nzima ikapita na kikopo kiko palepale, jua la dirishani linakipiga, watu wanakuja wanaegemeza viwiko ubavuni mwa mkojo wangu, na jina langu limeandikwa kwa kalamu nene hata asiye na miwani anasoma. Nikamuuliza kwa adabu, kijana wangu, hiki hakitakiwi friji? Hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, mkojo hauharibiki."

Wiki mbili hivi baadaye majibu yakatoka: seli zimeharibika, hazisomeki, lete mwingine. Nikarudi nimefura. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu kwa sauti ya kusikika benchi zima: "Mzee, si ukojoe tena tu? Kwani unanunua?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kansa, wao wakacheka.

Kwa wasiojua: nilitolewa uvimbe kwenye kibofu, wa daraja la juu, ila haukuwa umefika kwenye msuli. Nikawekewa BCG, yaani vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe vilivyodhoofishwa, vinapitishwa kwa mpira hadi kibofuni na unavibana saa mbili. Baada ya hapo ni kamera ya kuingizwa hadi kibofuni kila miezi mitatu, kwa miaka miwili ya mwanzo. Wanapaka jeli ya ganzi, wanakwambia "utahisi kubanwa kidogo". Hicho "kidogo" kila mtu ana kipimo chake. Kwa hiyo niliposikia kuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuonyesha kama ugonjwa unarudi, nilishangilia kama mtoto. Nikadhani kamera nimeiaga.

Daktari akanikata maini mapema: mkojo unaisaidia kamera, hauiondoi. Ule wa kusoma seli kwa hadubini ni wa siku nyingi, aliuandika daktari Papanicolaou mwaka 1945, na unazikamata vizuri seli kali. Zile za daraja la chini zinaupita kirahisi, kwa hiyo majibu masafi si hati ya kutembelea. Changu kilikuwa cha aina ya pili, kinachotia rangi kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) namba 3, 7 na 17 na kipande cha namba 9, halafu wanahesabu kama seli inazo za kutosha au zimezidi. Na hapo ndipo nilipojua kuwa mkojo wa kwanza wa asubuhi haufai, kwa sababu seli zimelowa humo usiku kucha zikachakaa. Wanataka wa mara ya pili. Karatasi niliyopewa kaunta iliandika "mkojo wa asubuhi", basi. Wa kwanza, wa pili, wa jirani, shauri yako.

Sampuli ya pili ikaja chanya. Nikaingizwa kamera: hakuna kitu. Safi. Daktari anazungusha, anatazama kila kona, safi. Sasa hebu niambie mtu analalaje na karatasi inayosema seli zako zina kasoro na jicho linalosema huna kitu? Nilikonda. Wakati huo ningeandika hapa kwamba kipimo hiki ni cha kuuzia watu hofu, msikiguse. Nilishaanza hata kuandika.

Miezi michache ikapita, kamera ya zamu yake ikaona doa jekundu dogo kuliko punje ya dengu. Wakakata kipande. Imerudi, ile aina bapa inayotambaa juu juu ya ukuta wa kibofu, na kwenye msuli bado haijaingia. Daktari akasema hutokea mkojo ukatangulia jicho kwa miezi. Akaongeza kwamba wapo pia wanaopata chanya na doa lisionekane kabisa, na hakuna anayeweza kukuambia siku ile ile uko kundi gani.

Kwa hiyo siwezi kukiita kiongo. Kilisema kweli na mimi nikakitukana. Lakini sikisifii pia, maana kutabiri bila kusema lini wala wapi ni nusu ya kutabiri, na nusu nyingine nilikesha nayo mwenyewe kitandani. Na kile kikopo cha kwanza je, kilichopikwa juani? Daktari anasema wiki zile zisingebadilisha matibabu. Huenda. Yeye hakuchekwa.

Juzi nimepeleka tena. Mkojo wa mara ya pili, nimeshajifunza. Kijana yuleyule, kikombe kilekile. "Mzee, umerudi? Weka tu hapo."

Sikuweka. Nilisimama nacho mkononi, foleni nyuma yangu inaguna, mpaka akanyanyuka mwenyewe na kufungua friji.